Barabara ya TANZAM: nani aliijenga, kwa nini ina mifereji, na gari dogo lipandeje Kitonga

*"Shikamoo mhandisi. Mwezi Desemba nataka kumpeleka mzee wangu Tunduma kutoka Dar, mimi mwenyewe nikiendesha, tukiwa na mke wangu na watoto wawili. Sijawahi kuvuka Morogoro nikiwa kwenye usukani. Gari ni dogo, la automatiki. Naambiwa barabara ni nyembamba, ina mifereji ya malori inayovuta usukani, na kwenye mlima Kitonga breki zinaungua. Wengine wananishauri niondoke usiku ili nikwepe foleni, wengine nizungukie Dodoma. Mzee, ambaye aliwahi kuwa utingo wa lori njia hiyo miaka ya sabini, ananicheka na kusema barabara ya Wachina haina shida. Mimi nilivyosoma shuleni, Wachina walijenga reli. Nani yuko sahihi, na nisafiri vipi?"*

Marahaba. Watu wengi huliona swali la historia ni la mazungumzo ya jioni, na la usalama ndilo la maana. Kwa barabara hii ya TANZAM, yaani ya Tanzania na Zambia, mambo hayo mawili hayatengani. Wembamba wake, mifereji yake, hata foleni ya Kitonga, vyote vinatokana na sababu iliyofanya ijengwe na mizigo iliyokuja kuibeba baadaye. Kwa hiyo niruhusu nianze na mzee.

Mwambie, kwa heshima zote, kwamba wewe ndiye uliye sahihi. Wachina walijenga reli ya TAZARA, na lami iliwahi kabla ya treni. Ila usimcheke, maana nadhani najua alikolitoa hilo.

Novemba 11, 1965, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wa kweli, na shaba yake pamoja na mafuta yake vilikuwa vikipita kwa reli katika ardhi hiyohiyo ya Rhodesia. Ghafla mlango wa kusini ukawa mikononi mwa mtu ambaye Rais Kaunda wa Zambia hangeweza kumtegemea. Ikabaki njia ya kaskazini-mashariki kwenda bandari ya Dar es Salaam, na njia hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo na changarawe. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Mvua zikianza, lori linazama hadi ekseli, la nyuma yake linasubiri, na siku zinakwenda. Waandishi wa magazeti wa wakati huo waliibatiza Njia ya Jehanamu, na madereva waliopita hawakuona kwamba wameongeza chumvi.

Hapa pana jambo ambalo hata wenyeji wa njia hii hawalijui sana. Wakoloni hawakuwa wameichora barabara hii kwa ajili ya bandari ya Dar. Kipande cha Tunduma hadi Iringa kilikuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo. Ikifika Iringa iliendelea kaskazini: Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, hadi Nairobi. Kushuka kutoka Iringa kwenda Morogoro na pwani kulikuwa kama tawi la pembeni. Siasa za 1965 ndizo zilizoligeuza tawi hilo kuwa njia kuu, na serikali za Tanzania na Zambia zikajikuta zinatafuta pesa za lami kwa haraka.

Pesa zilitoka magharibi. Benki ya Dunia kupitia IDA, mkono wake wa kukopesha nchi maskini, Sweden na Marekani ndio waliobeba sehemu kubwa upande wetu. Reli ndiyo waliyoikataa, wakisema haitalipa. Nyerere na Kaunda wakaenda kwingine, na Septemba 1967 wakatia saini na China. Ujenzi wa reli ulianza 1970, mataruma yakakamilika 1975, ikakabidhiwa 1976. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Dar hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi 1968. Kwa hiyo bomba, barabara na reli ni watoto wa mama mmoja, baba mbalimbali.

Sasa mzee aliwaona wapi Wachina? Reli ikitoka Dar haifuatani na barabara kabisa. Inapita Selous ya zamani, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inaingia bonde la Kilombero, halafu inapanda milima kutoka Mlimba hadi Makambako. Hapo Makambako ndipo inapokutana na lami, na kuanzia hapo mpaka Tunduma zinakwenda jirani. Utingo aliyepita Makambako mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa akiona mafundi wa Kichina, mitambo ya Kichina na kambi za Kichina safari baada ya safari. Alichokiona ni kweli. Alichokihitimisha ndicho kilichopinda.

Tuje kwenye wembamba. Barabara ya lami yenye njia moja kwenda na moja kurudi haikuwa ubahili kwa enzi zile. Magari yalikuwa machache, na lori kubwa la wakati huo ukiliegesha leo pembeni ya semitrela utadhani ni la kubebea mchanga mjini. Kanuni za Afrika Mashariki za sasa zinaruhusu gari zima na mzigo wake hadi tani 56, likiwa na ekseli saba na urefu wa hadi mita 22. Na mzigo si wa Zambia peke yake tena: shaba na kobalti ya Kolwezi na Lubumbashi inashuka njia hiyohiyo, huku mafuta, saruji na mitambo ikipanda kwenda Kongo. Kila upande una upana wa mita tatu na kitu, lori lina mita mbili na nusu. Ukitoa hesabu hiyo utaelewa kwa nini vioo vya pembeni hupishana kwa hofu.

Si yote nyembamba, lakini. Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, zimepanuliwa hadi njia nane, na Mbeya mjini kazi ya njia nne kati ya Uyole na Ifisi, kilomita 29, ilianza mwaka 2023. Mlima Kitonga nao upanuzi ulishaanza. Kwingine kote, tarajia njia mbili.

Kuhusu mifereji, yaani mabonde marefu yanayoachwa na magurudumu ya malori kwenye lami, utasikia kila mtu kijiweni akisema mkandarasi amekula lami. Hilo hutokea, sitamtetea mtu. Lakini hata barabara iliyojengwa kwa uaminifu itafanya mifereji ikibebeshwa isichokadiriwa, na ni vizuri uelewe inavyokuwa, kwa sababu ukielewa utajua itakuwa wapi kabla hujaifikia.

Uharibifu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba unakua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Chukua ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ukaibebesha tani 12 na nusu. Umezidisha uzito kwa robo tu, lakini madhara kwa barabara yamekuwa karibu mara mbili na nusu. Gari lako dogo, hata likipita mwaka mzima, halitaikwaruza. Ndiyo maana kuna mizani Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba, na ndiyo maana sipendi kusikia watu wakiiita mizani usumbufu.

Jambo la pili ni joto na mwendo. Lami ni kitu kinacholainika. Jua la saa nane linapoipasha, halafu juu yake likaja lori linalotambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, uzito unakaa muda mrefu mahali pamoja, na lami inasukumwa pembeni. Lori hilohilo likipita kwa kasi, tabaka halipati nafasi ya kusogea sana. Kwa hiyo mifereji utaikuta zaidi kwenye vipando, kwenye matuta ya vijijini, karibu na mizani, na popote malori yanaposimama na kuondoka. Tambarare ambako malori yanatiririka, lami huwa nzuri zaidi. Vipande vingi vimeshajengwa upya, kama Iyovi hadi Mafinga kwa msaada wa Denmark na Mafinga hadi Igawa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lakini mizigo haijapumzika tangu hapo.

Shida ya gari dogo ni kwamba magurudumu yake yamekaribiana kuliko ya lori. Mguu mmoja unaingia mfereji, mwingine unapanda kingo, na usukani unavuta. Usipambane nao. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, chagua upande mmoja ukae nao. Hatari kubwa ni pale unapotaka kupita lori: unalazimika kuvuka kingo ya mfereji, na ukiivuka kwa kuchomoka ghafla gari linayumba wakati huohuo unakanyaga mafuta. Vuka taratibu ukiwa bado nyuma, ukae sawa, ndipo uongeze kasi. Desemba ni mvua huko nyanda za juu. Mfereji uliojaa maji unaweza kuliinua tairi likaelea, breki na usukani visijibu. Ukiona maji yamesimama kwenye mifereji, hamsini inatosha, na tairi zenye kipara ziache Dar.

Kupita ndiko kunakoua zaidi njia hii, kuliko Kitonga. Hesabu tu. Wewe uko 80 kwa saa, lori la mita 20 liko 50. Kuanzia unapotoka nyuma yake mpaka unaporudi mbele kwa usalama unahitaji karibu sekunde nane, na katika hizo umetembea mita 170 na ushee. Basi linalokuja mbele nalo kwa 80 limetembea kiasi hichohicho. Kwa hiyo unahitaji zaidi ya mita 350 tupu mbele yako, bila kona, bila kilele cha mlima. Ukiwa huzioni, huna.

Madereva wa malori watakusaidia kwa taa. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, kwa kawaida anakuambia pita. Akiwasha ya kulia, kaa nyuma, kuna kitu kinakuja. Ni uungwana wa barabarani na nauheshimu, ila uitumie kama ushauri. Yeye anaona mbele, hajui gari lako lina nguvu kiasi gani likiwa na watu watano na mabegi. Pia ukikuta matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja, jingine, halafu jingine, punguza mara moja. Hapo mbele kuna lori limekufa, mara nyingi kwenye kona, na utingo wake ndiye aliyekata matawi hayo. Mzee wako atakuwa amekata mengi.

Sasa Kitonga. Kwanza ondoa hofu moja: kwa kwenda, wewe unapanda. Ukishapita Mikumi na kushuka bonde la mibuyu unafika Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na vitunguu, kisha Mahenge, halafu mlima wenyewe, kilomita zipatazo saba za kona hadi unatokea upande wa Ilula. Kwa kupanda, breki hazikuhusu. Kinachokuhusu ni injini kuchemka na subira kukuisha. Angalia maji ya rejeta kabla ya kuondoka Dar, na mlimani ukiona mshale wa joto unapanda, zima AC, fungua vioo. Usimpite mtu kwenye kona hata foleni ikiwa ndefu kiasi gani. Malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, nawe panda nayo. Ilula kuna nyanya za kutosha kukupoza hasira.

Breki zinakuhusu siku ya kurudi. Gari likishuka, uzito wake unageuka kuwa nishati ambayo lazima iende mahali. Ukiishikilia kwa mguu, yote inageuka joto kwenye breki. Lori la tani 56 kwa kila mita 100 za kimo linaposhuka linatoa nishati sawa na ya lita moja na nusu ya dizeli, na dereva asiyetumia gia anaitia yote ndani ya ngoma za breki. Zikichemka, msuguano unapungua, mguu unazama, na hapo ndipo unaposikia kwamba lori limefeli breki. Mara nyingi breki zilikuwa nzima juu ya mlima. Ziliuawa njiani.

Gari lako ni jepesi, lakini kanuni ni ileile. Kabla mteremko haujaanza, toa D uweke 2 au L, au B kama gari lako ndivyo lilivyoandikwa. Injini italia kidogo. Iache ilie, ndiyo inayokufanyia kazi. Kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, punguza, achia, badala ya kuigusa muda wote. Na yule atakayekuambia uweke nyutro ili uokoe mafuta, mshukuru, usimsikilize: gari likiwa nyutro injini haikusaidii tena kulizuia, na kwa magari mengi ya kisasa ukiondoa mguu kwenye mafuta ukiwa kwenye gia injini hukata yenyewe kunyunyiza petroli. Huokoi kitu. Fanya hivyohivyo mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, ambao utakutana nao ukienda, na Senjele na Inyala wakati wa kurudi. Hapo Inyala na Senjele acha nafasi kubwa nyuma yako pia. Ukiona kwenye kioo lori linakuja kwa kasi isiyoeleweka, ondoka njiani, usibishane nalo haki ya barabara.

Kuondoka usiku sikushauri. Ni kweli mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu 2023, lakini dereva wa basi anaijua njia, na wewe ndiyo mara ya kwanza. Malori hayalali, kwa hiyo foleni hukwepi sana. Taa za mbele zitakupofusha, na lori bovu lisilo na kiakisi hulioni mpaka ulifikie. Halafu kuna Mikumi. Barabara inapasua hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, hifadhi iliyotangazwa 1964, kabla ya lami. Nyati mweusi kwenye lami nyeusi usiku ni ajali iliyokwisha kutokea, imebaki kufika tu. Mchana fuata vibao vya mwendo, usisimame kuwarushia nyani ndizi, na ujue kwamba mnyama ukimgonga unalipishwa.

Dodoma ni njia halali, na wanaokushauri hawajakosea kabisa. Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera kuna lami, na malori ya Zambia ni machache. Lakini unaongeza zaidi ya kilomita 200, na uchovu nao unaua. Halafu Kitonga unaikwepa ili ukutane na kona za Nyang'oro. Mimi ningepita njia ya kawaida na kugawa safari. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Toka saa kumi na moja alfajiri, upite Chalinze kabla pilika hazijaanza, ulale Iringa. Kesho yake una kama 440 hadi Tunduma: Mafinga, Makambako, tambarare ya Usangu kupitia Igawa na Igurusi, kisha unapanda Uyole. Mafinga na Makambako kuna ukungu asubuhi, washa taa za chini, si fulu. Mzee naye akinyoosha miguu kila baada ya saa mbili itamfaa. Miguu ya wazee huvimba safari ndefu, na kama ana presha au sukari mpitishe kwa daktari wake kabla ya safari.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Breki lazima fundi azifungue na kuzitazama kwa macho, siyo kukanyaga mara mbili na kusema ziko poa. Mwambie aangalie pedi, ngoma za nyuma, na mafuta ya breki. Kama hayajabadilishwa kwa miaka miwili au zaidi, yabadilishwe, kwa sababu yananyonya unyevu na yakichemka mguu unakuwa mlaini. Kama hujawahi kabisa kushuka mlima kwa gia, tafuta dereva mzoefu wa njia hiyo akae kushoto kwako angalau siku ya kurudi, au mwachie usukani kwenye Kitonga. Hakuna aibu. Na siku mbili kabla ya kuondoka, piga ofisi za TANROADS, wakala wa barabara kuu, za Morogoro, Iringa na Mbeya, au uulize trafiki, kama kuna kipande kilichofungwa au kinachopita kwa zamu. Mvua za Desemba zinaweza kukata barabara Morogoro usiku mmoja, na ujenzi wa Kitonga na Mbeya unabadilisha mapito mara kwa mara.

Mafuta jaza Morogoro na Iringa bila kusubiri taa iwake. Na mzee mkalishe mbele, kiti cha kushoto. Mtu aliyekuwa utingo miaka ya sabini atakuambia lori linalotaka kukata breki kabla wewe hujanusa harufu yake.